Sura ya Sita: Dhahabu Niifiche Wapi?

Swali hili huulizwa na bibi harusi aliyetoka fungate, na mjane aliyeachiwa bangili za mama yake, na mama wa biashara aliyegeuza faida ya mwaka kuwa mkufu badala ya kuiacha benki. Wote hutaka kutajiwa mahali: chini ya godoro, juu ya dari, ndani ya ndoo ya mchele au kwa mjomba. Mahali tutapafikia katika sura hii. Lakini kuna swali linalotangulia, na asiyelijibu atahamisha dhahabu yake kutoka kona hadi kona bila kupata usingizi: nani anajua kwamba ninayo?

Mwizi wa vito huiba mara mbili. Kwanza huiba habari: nyumba ile ina dhahabu, Ijumaa mchana haina mtu, chumba cha mama ndicho kile chenye pazia la kijani. Mara ya pili ndipo huja kuchukua mali. Wengi wetu tunatumia fedha zetu zote kwenye wizi wa pili, kwa kuta, mageti na nondo, na ule wa kwanza tunauachia mlango wazi.

## Kwa nini dhahabu, na kwa nini sasa

Dhahabu huuzwa duniani kwa wakia, kipimo cha takriban gramu 31.1. Mwisho wa mwaka 2023 wakia moja ilikuwa karibu dola 2,000 za Marekani. Oktoba 2025 bei hiyo ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Katika miaka miwili hivi, kijisanduku kilekile kilicho kabatini kwako kiliongezeka thamani maradufu bila wewe kuongeza hata hereni moja.

Ili kujua una kiasi gani, unahitaji kuelewa karati. Karati ni namna ya kueleza usafi wa dhahabu kwa kuigawa katika sehemu 24. Dhahabu ya karati 24 ni safi. Ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu na mbili za metali nyingine, kama shaba au fedha, za kuitia ugumu. Ndani ya bangili au kwenye kifungo cha mkufu, sonara hugonga muhuri mdogo wa tarakimu:

- 916: karati 22
- 875: karati 21
- 750: karati 18
- 375: karati 9

Chukulia bangili sita za karati 22, kila moja gramu 10. Jumla ni gramu 60, na dhahabu safi iliyomo ni karibu gramu 55. Kwa bei ya dola 4,000 kwa wakia, bangili hizo zina dhahabu ya zaidi ya dola 7,000. Katika nyumba nyingi hakuna kitu kingine chenye thamani hiyo kinachoingia kwenye mfuko wa suruali.

Mwizi ana sababu ya pili ya kuipenda. Simu iliyoibiwa ina namba yake ya utambulisho, na gari lina namba ya injini. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064, joto ambalo sonara hulipata kwa moto wa gesi mezani pake. Bangili ya bibi yako, yenye nakshi unayoijua hata gizani, inaweza kuwa kidonge kisicho na mwenyewe kabla ya jua kuzama.

Tena dhahabu hii ina mwenyewe, na mara nyingi ni mwanamke. Kwa Waislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe, na familia nyingi za pwani huitoa kwa dhahabu. Ndiyo akiba yake siku ya ugonjwa, mtaji wake siku ya talaka, na ada ya shule mwaka wa ukame. Anayevunja nyumba na kuichukua amemwondolea mama huyo uwezo wa kusimama mwenyewe. Kwa hiyo jambo hili ni zito kuliko mapambo, na linastahili kupangwa kwa makini.

## Mwizi anachoraje ramani

Tutenganishe wezi wa aina mbili. Wa kwanza ni kibaka: hupita, akiona dirisha liko wazi huingiza mti mrefu wenye ndoano, huvuta simu au suruali, na kukimbia. Huyu hutegemea bahati. Wa pili ni yule ambaye watu wa mitaani husema amechora ramani: amekusanya habari kabla ya kuja. Vito vingi huondoka na huyu wa pili.

Wafungwa waliohukumiwa kwa kuvunja nyumba wamehojiwa katika nchi mbalimbali, na maelezo yao hufanana. Hupendelea nyumba isiyo na mtu. Huingia kupitia mlango au dirisha, mahali palepale ambapo wenyeji hupita na kuchungulia. Wakishaingia, wengi huelekea moja kwa moja chumba kikubwa cha kulala, kwa sababu wanajua ndiko dhahabu na fedha taslimu hukaa. Na hawakai sana.

Kwetu, nyumba huwa tupu kwa saa zinazojulikana: Ijumaa wakati wa swala, Jumapili wakati wa ibada, siku ya harusi ya ukoo, siku ya maziko. Tangazo la msiba hutaja saa ya kuzika, na mwenye masikio huelewa ni nyumba ipi itabaki na kufuli tu. Usiku, mvua kubwa juu ya bati hufunika kelele za mtaimbo, na umeme ukikatika taa ya nje huzimika.

Sheria nayo hutofautisha saa. Tanzania, kuvunja nyumba kwa nia ya kutenda kosa kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14, na kukifanyika usiku hadi miaka 20. Kenya adhabu za juu ni miaka 7 mchana na 10 usiku. Mtunga sheria aliona kwamba usiku watu wamo ndani wamelala, na mlango ukivunjwa roho zao ziko hatarini pamoja na mali.

Habari za nyumba yako huvuja kupitia njia za kawaida kabisa:

- Picha ya zawadi ya dhahabu kwenye hali ya WhatsApp, inayoonwa na kila mwenye namba yako, pamoja na fundi aliyekurekebishia friji miaka miwili iliyopita.
- Video ya “tuko uwanja wa ndege, tutaonana baada ya wiki mbili”.
- Mazungumzo saluni, kwenye daladala au matatu, na kwenye kikoba.
- Mafundi wanaoingia chumba cha kulala: wa rangi, wa kiyoyozi, wa king'amuzi.
- Watoto wanaohadithia shuleni walichokiona nyumbani.

Hata matajiri wenye walinzi huumizwa hapa. Oktoba 2016, Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, aliibiwa vito vya mamilioni ya dola kwa mtutu wa bunduki katika makazi aliyofikia Paris. Picha za pete yake zilikuwa zimeenea mitandaoni, na mmoja wa walioshiriki aliwaeleza wapelelezi kwamba habari walizozihitaji zilikuwa hukohuko. Watu wanane walitiwa hatiani Mei 2025, karibu miaka tisa baadaye. Sehemu kubwa ya vito haikupatikana.

Je, ni kweli wezi hupuliza dawa? Wengi walioibiwa usiku bila kuamka huamini walipuliziwa dawa ya usingizi dirishani. Madaktari wa usingizi wanajua jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu hata hospitalini, kwa mgonjwa mmoja aliyevalishwa barakoa na kuangaliwa kila dakika. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kimekwisha kutamka kwamba kumlaza mtu kwa kupuliza gesi ndani ya chumba bila yeye kuamka si jambo linaloaminika. Ingehitajika dawa nyingi mno, yenye harufu kali. Uchovu, feni inayounguruma na mvua vinatosha kueleza usingizi wako. Fedha unayotaka kununulia kinga ya dawa, nunulia kitasa.

Kwa ufupi: dhahabu imepanda bei, ni nyepesi kubeba na rahisi kugeuza sura. Anayeitaka hukusanya habari kwanza. Kila habari unayoizuia inampunguzia sababu ya kuja kwako.

## Nyumba yenyewe: kazi ya kufuli ni kuchelewesha

Hakuna mlango usiovunjika. Tarehe 19 Oktoba 2025, saa tatu na nusu asubuhi, wezi waliegesha lori lenye ngazi ya kupandishia samani kando ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Baadhi yao walivaa vizibao vya rangi kali kama mafundi. Walikata kioo cha dirisha, wakavunja makabati, wakaondoka na vito vya kifalme vilivyokadiriwa kuwa na thamani ya euro milioni 88. Ndani ya jumba walikaa chini ya dakika nne.

Ikiwa Louvre ilifanyiwa hivyo mchana kweupe, mtu wa Tabata au Likoni asijilaumu kwamba nyumba yake haizuii kila kitu. Kazi ya kitasa, nondo na ukuta ni kuongeza dakika na kelele, mpaka mwizi aone hesabu yake haikubali.

Anza na mlango. Nyumba nyingi zina mlango mzito wa mninga uliogharimu fedha nyingi, uliofungwa kwa kitasa cha bei ya chini kuliko viatu vya mwenye nyumba. Fungua mlango wako sasa utazame kwenye fremu, pale kilipo kibati ambamo ulimi wa kitasa huingia. Mara nyingi utaona skrubu mbili fupi, ndefu kama ukucha, zimezama kwenye mbao iliyochongwa hadi kubaki nyembamba. Mlango ukipigwa teke, mninga haupasuki. Kinachong'oka ni kile kibati na kipande cha fremu. Mwambie fundi aweke kibati kirefu zaidi, na skrubu za inchi tatu zinazopita mbao na kushika ukuta. Kazi hiyo ni ya saa moja.

Mambo mengine ya kukagua mlangoni:

- Leva. Hivi ni vibamba vidogo vya chuma ndani ya kitasa ambavyo ufunguo huviinua ili ulimi utembee. Kitasa cha leva mbili hufunguka kwa urahisi kwa funguo bandia. Tafuta cha leva tano.
- Bawaba. Zikiwa upande wa nje, pini zake zinaweza kung'olewa bila kugusa kitasa. Fundi anaweza kuzichomelea.
- Kufuli la kuning'inia. Kufuli zuri kwenye pete iliyokazwa kwa skrubu zinazoonekana halina maana. Mwizi hufungua skrubu kwa bisibisi, kufuli likabaki limefungwa vilevile.
- Funguo. Ukihamia nyumba ya kupanga, omba kubadilisha kitasa au silinda yake. Aliyepanga kabla yako anaweza kuwa na nakala. Usiache ufunguo chini ya kizulia wala kwenye chungu cha maua. Huko ndiko hutazamwa kwanza.

Dirisha la aluminiamu lisilo na nondo huinuliwa kwa bisibisi likatoka kwenye reli yake. Nondo nazo zina udhaifu: zikiwa mbali mbali, jeki ya gari huzipanua hadi mtu akapita. Ziwe karibu, zishikwe na vyuma vya kukatiza, na miguu yake izame ndani ya ukuta badala ya kugandishwa juu juu.

Hapa pana onyo ambalo mafundi wengi hawalitoi. Nondo zinazomzuia mwizi kuingia zinaweza kukuzuia wewe kutoka siku ya moto. Katika kila nyumba, dirisha moja la vyumba vya kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, ufunguo wake uning'inie mahali ambapo mtoto anaujua na mtu wa nje haufikii. Hakuna bangili yenye thamani ya pumzi ya mtu.

Tazama na juu. Mwizi akishindwa mlango, hufungua bati, hupita kati ya kenchi na kushuka kwa kutoboa dari ya jipsamu, ambayo hupasuka kwa goti. Kata matawi ya mti unaogusa paa. Ngazi ya fundi isilale uani.

Kengele ya hatari ni msaada ikiwa tu kuna mtu wa kuitikia. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 2015, kengele ililia katika hifadhi ya vito ya Hatton Garden, London. Mlinzi alifika, akachungulia kwa nje, akaona pako shwari, akaondoka; polisi hawakuja. Wezi walikuwa ndani wakitoboa ukuta wa zege wa sentimita 50, na walipokwama walikwenda kutafuta kifaa kingine, wakarudi Jumamosi usiku kumaliza. Kwa hiyo, kabla ya kulipia kengele au kamera, uliza: ikilia saa nane usiku, nani atakuja, na atachukua dakika ngapi? Mbwa mdogo anayebweka hovyo, au bata bukini wawili uani, humwamsha mwenye nyumba kwa uhakika kuliko kengele ambayo mtaa mzima umekwisha kuizoea.

## Ndani: iwekwe wapi basi?

Sasa tumefika kwenye swali la mwanzo. Sehemu ambazo mwenye nyumba huziona za siri, mwizi huzijua kama njia ya kwake: chini ya godoro, kati ya nguo kabatini, ndani ya begi lililo juu ya kabati, ndoo ya unga, friji, mfuko wa koti la zamani, nyuma ya picha ukutani. Chumba kikubwa cha kulala ndicho hupekuliwa kwanza na kwa makini zaidi. Kanuni ya kwanza, basi, ni kwamba dhahabu isilale pamoja na mwenyewe.

Kanuni ya pili ni kuigawa. Weka mafungu matatu:

1. Ya kila siku: pete, hereni, mkufu mwembamba. Hizi hukaa mwilini au karibu. Zikipotea utaumia, lakini utasimama.
2. Ya sherehe: bangili, kidani, seti za harusi. Hizi ziwe ndani ya sefu.
3. Ya akiba na urithi: ile usiyoivaa. Hii isikae nyumbani kabisa ukiwa na uwezo wa kuiweka kwingine.

Sefu ni kasha la chuma la kuhifadhia vitu vya thamani. Ndogo zinazouzwa madukani nyingi ni nyepesi. Mwanamume mmoja huiweka begani, akaenda kuifungua kwa starehe zake. Sefu isiyofungwa kwenye jengo ni zawadi iliyokwisha kufungashwa. Ifungwe kwa bolti ndefu kwenye sakafu ya zege au ukuta wa tofali, kwenye kona ambapo mtaimbo hauna nafasi ya kuingia na kusukuma, na nje ya chumba kikubwa cha kulala. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa. Ufunguo wa akiba usikae kwenye droo ya chumba hichohicho. Kama unaishi pwani, badilisha betri za sefu ya vitufe mara kwa mara, kwa maana hewa ya chumvi hula vishikio vya betri, na sefu iliyogoma kufunguka siku ya harusi ni balaa lake peke yake.

Baadhi ya benki hukodisha visanduku vya amana, yaani makasha madogo ndani ya chumba imara cha benki, kila kimoja na ufunguo wake. Kwa fungu la tatu hili ndilo jibu bora. Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili: saa za kufikia kisanduku, na kama benki inawajibika kwa kilichomo au inakukodisha nafasi tu.

Njia nyingine ni chambo. Weka kwenye meza ya kioo kijisanduku kizuri chenye vito vya bandia na noti chache. Mwizi mwenye haraka hukibeba na kuridhika kwamba amepata alichokijia.

Masanduku ya zamani ya pwani, yale yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, mara nyingi yalikuwa na droo ya siri. Mabibi walijua kwamba siri ya droo ile ni lazima ijulikane na mtu mmoja zaidi. Leo wapo watu wanaoficha vizuri mno, kisha wakafariki ghafla, na nyumba ikauzwa na dhahabu yake ukutani. Mchague mtu mmoja: binti, dada, wakili au shekhe unayemwamini. Ajue iko wapi, au ajue ni bahasha ipi ya kufungua.

## Harusi na safari

Hakuna wiki ambayo dhahabu huwa uchi kama wiki ya harusi. Nyumba imejaa wageni wa wageni, mlango wa chumba cha bibi harusi haufungwi, vito vimetandazwa kitandani ili shangazi waone, na kila simu inarekodi. Baada ya shughuli watu wamechoka, mkufu umevuliwa na kuwekwa “hapo” na kila mmoja anadhani mwenzake ameuchukua.

Dawa yake ni kumteua mtu mmoja, mwanamke mtu mzima asiye na kazi nyingine siku hiyo. Yeye ndiye anayetoa vito, kuvihesabu kwa maandishi, na kuvirudisha usiku uleule. Walio wengi huwa na watu wawili kwa keki na hawana hata mmoja kwa dhahabu. Picha zichapishwe baadaye, na zisionyeshe nyumba wala mtaa.

Ukisafiri, usitangaze kabla ya kurudi. Mwombe jirani awashe taa, afungue pazia mchana na kuokota karatasi zilizorundikana getini. Dhahabu usiyoihitaji safarini iende benki au kwa yule mtu mmoja unayemwamini, kabla hujaanza kufunga mabegi.

## Dada wa kazi, mlinzi na majirani

Methali inasema kikulacho ki nguoni mwako, na ni kweli kwamba habari nyingi hutoka ndani. Lakini methali hiyo imetumika vibaya. Kito kikipotea, wa kwanza kuvuliwa nguo na kupekuliwa ni binti wa kazi, hata pale ambapo mpwa aliyelala sebuleni ndiye aliyekuwa na deni la kamari. Huo ni udhalimu, na humficha mwizi wa kweli.

Mwajiri mwenye busara hufanya kazi yake mapema. Humwajiri mtu ambaye kwao na mdhamini wake wanajulikana, huchukua nakala ya kitambulisho, humlipa kwa wakati na kwa haki, na hamwachii jaribu. Chumba chenye sefu kikifungwa kwa kila mtu, watoto na wageni wakiwemo, dada wa kazi naye analindwa dhidi ya shutuma.

Majirani ni ulinzi ambao hauuzwi dukani. Katikati ya miaka ya 1980, mtaa wa Kirkholt, Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umeelemewa na uvunjaji wa nyumba. Waliochunguza waligundua kwamba nyumba iliyokwisha kuvunjwa mara moja ilikuwa katika hatari kubwa ya kuvunjwa tena kuliko nyingine. Wakaimarisha milango ya walioibiwa, wakaondoa mita za sarafu za umeme na gesi zilizokuwa zikiwavuta wezi, na wakawaomba majirani wapatao sita wa kila nyumba iliyoibiwa waiangalie. Katika miaka mitatu uvunjaji wa nyumba mtaani hapo ulipungua kwa takriban robo tatu.

Majirani sita. Sisi tuna jina la kumi. Tanzania imekuwa na balozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, na Kenya ilianzisha mpango wake wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Katika mitaa ya kuta ndefu, desturi hii imedhoofika. Watu hukaa miaka mitano bila kujua jina la wa geti la pili. Anza upya kwa jambo dogo: kundi la simu la nyumba zinazopakana, lenye kazi moja tu ya kuulizana, “Lori lililoegeshwa kwako ni la fundi wako?” Na funzo la Kirkholt litufae: jirani akivunjiwa, mlango wake na wako iimarishwe wiki hiyohiyo, kwa maana mwizi sasa anaijua njia.

## Karatasi humrudishia mtu mali yake

Mtu akifika kituoni akasema “nimeibiwa mkufu wa dhahabu”, amesema karibu na kutosema kitu. Mikufu iko elfu. Kila kito kiwe na ukurasa wake:

- Picha nne: mbele, nyuma, kifungo chake, na muhuri. Iweke bangili karibu na dirisha lenye mwanga, isogeze simu hadi tarakimu 916 zisomeke, kisha piga na mikwaruzo na alama za kuungwa. Hizo ndizo alama zake za vidole.
- Uzito kwa gramu na karati zake.
- Risiti, au tathmini iliyoandikwa na sonara.
- Ilikotoka: mahari, urithi au ununuzi, na mwaka.

Wanaotoa zaka ya dhahabu huipima kila mwaka, kwa kuwa kiwango cha kuanzia ni gramu 85. Siku hiyo ya mizani ndiyo siku nzuri ya kuandika orodha. Nakala moja isikae ndani ya nyumba yenye dhahabu.

Orodha hii ndiyo pia itakayokusaidia kwa bima. Bima ya nyumba hulipia jengo. Vilivyomo hukatiwa kwa kifungu kingine, na mikataba mingi huweka kikomo cha chini kwa vito ambavyo havikuorodheshwa kimoja kimoja. Mingi pia hudai dalili za kuvunjwa: aliyeacha mlango wazi halipwi. Angalia na bima pungufu, yaani kukatia bima thamani ndogo kuliko halisi. Vito vya shilingi milioni 10 vikikatiwa bima ya milioni 5, ukiibiwa vya milioni 4 kampuni inaweza kukulipa milioni 2 tu, kwa sababu ulilipia nusu ya hatari. Kwa jinsi dhahabu ilivyopanda, tathmini ya miaka mitatu iliyopita imekwisha kukuingiza kwenye pengo hilo.

## Ikishatokea

Ukimkuta mwizi ndani, mwachie njia ya kutoka. Usimzibie mlango. Akiwa na silaha, mpe anachotaka. Akikamatwa, zuia mikono ya watu na uite polisi. Anayechomwa moto kwa bangili anaweza kuwa si yeye, na aliyeuawa hawezi kusema dhahabu aliiuza kwa nani.

Ukirudi ukakuta mlango umevunjwa, usiingie peke yako na usipange vitu. Toa taarifa kituoni siku hiyohiyo, upate namba ya taarifa ya polisi (RB Tanzania au OB Kenya), kwani bima haitasonga bila hiyo. Kisha, kabla ya saa chache kupita, tuma picha zako kwa masonara wa mji, kwa sababu unashindana na moto wa gesi. Wapo watakaokushauri ramli au kisomo cha halbadiri. Imani ya mtu ni yake. Lakini ramli imetenganisha ndugu wengi kwa kumtaja asiyehusika, na muda unaopotea humfaa mwizi.

Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Dhahabu inayouzwa kichochoroni bila risiti, kwa bei ya kutupa, ina mama anayeililia mahali fulani. Kenya, kupokea mali ya wizi kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 14. Soko la vito vya wizi likikosa wanunuzi, nondo zetu zitapata wepesi.

## Muhtasari wa sura

1. Linda habari kabla ya mali: picha, safari na mazungumzo.
2. Imarisha fremu, kitasa, nondo na dari ili kumchelewesha mwizi, lakini acha njia ya kutokea moto ukizuka.
3. Igawe dhahabu mafungu matatu; isiyo ya kila siku ikae nje ya chumba kikubwa cha kulala, kwenye sefu iliyofungwa au benki.
4. Mtu mmoja unayemwamini ajue ilipo.
5. Waheshimu walio ndani, wajue walio jirani.
6. Piga picha, pima, andika, na sasisha thamani ya bima kila mwaka.

Ukiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu wiki hii, fanya la sita. Kupiga picha na kuandika hakuhitaji fundi wala fedha, na hakuwezi kufanyika baada ya dhahabu kuondoka.